Ethiopia hupangwa kwa siku: namna ya kuzunguka majimbo yake ukianzia Moyale

Ukichora safari ya Ethiopia kwa kuangalia umbali peke yake, utafika Turmi Jumanne ukute vumbi na mbuzi wawili, kumbe soko lilikuwa jana. Utaingia mgahawani Addis Ababa Jumatano una hamu ya nyama, mhudumu akutazame kwa huruma: leo ni mfungo. Utakwenda kwenye visima vinavyoimba vya Waborana, wafugaji wa kusini, wakati wa mvua, na visima viko kimya kwa sababu ng'ombe wanakunywa madimbwini. Kila jimbo lina siku yake. Jua siku kwanza, barabara baadaye.

Nchi ina majimbo 12 na miji miwili inayojitawala, Addis Ababa na Dire Dawa. Ramani na vitabu vya kabla ya 2020 bado vinaonyesha jimbo moja kubwa la kusini. Jimbo hilo halipo tena: Sidama ilijitenga 2020, Kusini-Magharibi ikafuata 2021, na 2023 kilichobaki kikagawanywa kuwa Ethiopia ya Kati na Ethiopia Kusini. Kwa hiyo ukitafuta basi au chumba, taja mji. Jina la jimbo linaweza kukupoteza.

Saa na kalenda

Hapa msemaji wa Kiswahili ana bahati ambayo watalii wengi hawana. Waethiopia wanahesabu saa kama sisi, kuanzia jua linapochomoza. Hata neno lenyewe ni ndugu: sisi saa, wao se'at. Jifunze namba kumi tu (and, hulet, sost, arat, amist, siddist, sebat, simint, zetegn, asir) na utaelewa kwamba sost se'at ya asubuhi ni saa tatu asubuhi, basi.

Mtego uko kwenye Kiingereza. Mkatisha tiketi akikutajia saa kwa Kiingereza, namba aliyoitamka huenda ameigeuza kwa ajili yako, huenda hajaigeuza. Akisema namba kumi na moja kwa ajili ya basi la alfajiri, mtu aliyezoea kugeuza anakuja saa tano asubuhi akute basi limeshaondoka. Rudisha swali kwa Kiamhari, na uongeze neno tewat kwa asubuhi au mata kwa jioni. Tiketi za ndege ni tofauti: hizo zimeandikwa kwa saa za kimataifa, kwa hiyo hesabu kama unavyosoma tiketi ya Nairobi au Dar es Salaam.

Kalenda nayo ina miezi 13, kumi na miwili ya siku 30 na wa mwisho, Pagume, wa siku 5 au 6. Mwaka mpya kwa kawaida huanza 11 Septemba, na hesabu yao iko nyuma ya yetu kwa miaka saba au minane. Mwaka wao wa 2018 ulianza 11 Septemba 2025. Ukipewa risiti au tiketi ya basi yenye mwaka usiouelewa, usigombane na mtu. Muombe akuandikie pembeni tarehe ya kigeni, kisha hakikisha na jina la siku ya wiki, maana wiki yao na yetu ni moja.

Sikukuu zinazofaa kupangiwa safari ni Genna, yaani Krismasi, 7 Januari. Timkat, ubatizo wa Yesu, 19 Januari. Na Meskel, sikukuu ya msalaba, 27 Septemba. Timkat na Meskel husogea mbele siku moja katika mwaka unaofuata Pagume ya siku sita, kama ilivyokuwa Meskel ya 2023 na Timkat ya 2024. Irreecha, shukrani ya Waoromo kwa kumalizika kwa mvua, hufanyika Jumapili inayofuata Meskel kando ya ziwa Hora Arsadi mjini Bishoftu, na siku moja kabla yake Addis Ababa. Siku hizo vyumba hujaa na bei hupanda, kwa hiyo weka nafasi mapema au kaa mji wa pili.

Mfungo na sahani

Neno lao ni tsom, nasi tunasema saumu. Wakristo wa Orthodoksi hufunga Jumatano na Ijumaa karibu mwaka mzima, na Kwaresima yao ni siku 55. Siku hizo hawali nyama, maziwa, mayai wala siagi. Kwenye miji ya Orthodoksi mabucha mengi hufungwa na migahawa midogo hupika chakula cha mfungo tu. Usisikitike. Agiza beyaynetu: injera moja pana, ule mkate mwembamba uliochachushwa, iliyopangwa juu yake dengu, shiro (mchuzi mzito wa unga wa kunde), kabichi, viazi na mboga za majani, kila kimoja na rangi yake. Asiyekula nyama atashiba vizuri zaidi siku hizo kuliko siku nyingine yoyote.

Msafiri Mwislamu ajue jambo moja. Wakristo na Waislamu wa Ethiopia kwa desturi hawali nyama iliyochinjwa na wenzao, kwa hiyo mabucha na migahawa hujitambulisha waziwazi, mwezi mwandamo kwa hawa na msalaba kwa wale. Nguruwe si tatizo kubwa kama unavyodhani, kwa kuwa Waorthodoksi pia hawamli.

Kitfo, nyama ya kusaga yenye siagi na viungo, huja mbichi usiposema neno. Sema yebesele ukitaka iliyoiva kabisa, au leb leb ukitaka iliyopashwa moto kidogo. Minyoo ya tegu ndiyo sababu. Kula kwa mkono wa kulia, na mwenyeji akikulisha tonge mdomoni pokea: hiyo ni gursha, heshima, na kuikataa kunaumiza.

Kuvuka Moyale

Lami kutoka Nairobi kupitia Isiolo na Marsabit imefika hadi Moyale, mpakani mwa Kenya na Ethiopia. Mkenya haombi visa. Wengine wakumbuke kwamba visa ya mtandaoni kwa miaka mingi ilikubaliwa uwanja wa ndege wa Bole, Addis Ababa, tu, kwa hiyo kabla ya kulipa thibitisha na ubalozi kama inakubaliwa Moyale. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Fika mpakani asubuhi, maana ukichelewa utalala upande uliopo.

Ukivuka, magari yanahamia kulia. Anayekuja kukugonga anatokea upande usiouzoea, na watu wengi hupona kwa bahati tu wanaposhuka bajaji. Moyale utasikilizana kwa Kiswahili na wafanyabiashara wa pande zote mbili, lakini ukienda mbele kidogo kinakwisha. Kutoka hapo ni Kioromo, kinachoandikwa kwa herufi za Kilatini, kwa hiyo mabango unayasoma. Sema akkam kwa salamu na galatoomi kwa asante. Kiamhari ni selam na ameseginalehu. Hili la pili ni refu, lakini watu wanafurahi ukilijaribu.

Laini ya simu nunua kwa pasipoti. Safaricom ipo Ethiopia tangu 2022 na M-Pesa tangu 2023, ila M-Pesa ya huko ni ya birr, fedha yao, na ya laini ya huko. Usivuke ukitegemea salio lako la nyumbani. Kadi za benki zinafanya kazi Addis Ababa na Hawassa, lakini kuelekea bonde la Omo, kusini-magharibi, beba taslimu, na zaidi ya yote noti ndogondogo. Badilisha fedha benki na utunze risiti. Vijana wa mpakani wanaotoa bei nzuri mno huhesabu kwa vidole vyepesi.

Mabasi ya masafa marefu huondoka alfajiri, mengi kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili, na hayasafiri usiku. Nunua tiketi jioni ya kabla. Moyale hadi Addis Ababa ni zaidi ya kilomita 750. Weka siku mbili na ulale Dilla au Hawassa.

Wiki ya kusini

Hapa ndipo hesabu ya siku inapolipa. Masoko matatu ya bonde la Omo yana siku zake: Key Afer Alhamisi, Dimeka Jumamosi, Turmi Jumatatu. Ukivuka Moyale Jumatatu asubuhi, unayapata yote bila kukimbia.

Jumatatu lala Yabelo, kama kilomita 200 kaskazini. Jumanne ni ya Waborana. El Sod ni shimo la volkano lenye ziwa jeusi la chumvi chini yake, na watu huzama humo kutoa matope ya chumvi, kisha punda hupandisha mzigo. Kushuka ni kwepesi; kupanda kwenye jua la saa sita kunamaliza maji ya chupa mbili. Shuka mapema.

Karibu na hapo, upande wa Dubluk, ndiko viliko visima vinavyoimba. Kisima ni shimo refu lenye njia ya mteremko inayowafikisha ng'ombe kwenye hori. Chini ya hori wanaume wamesimama juu ya ngazi za miti, mmoja juu ya mwenzake, wakirushiana ndoo: iliyojaa inapanda, tupu inashuka, na wimbo ndio unaoshika mwendo. Wimbo ukikatika ndoo inamkosa mtu. Haya hufanyika kiangazi, hasa Januari hadi Machi. Mvua ikinyesha hakuna anayejichosha. Zamu za mifugo husimamiwa na abba herrega, na ruhusa yako iko kwake. Kubaliana naye, kwa kupitia kiongozi wa hapo, kabla ya kutoa simu mfukoni. Ukipiga picha kwanza na kujadiliana baadaye, bei inakuwa ya kosa.

Jumatano geuka magharibi hadi Konso, kilomita 100 na ushei. Wakonso wamejenga matuta ya mawe kwenye miteremko yao kwa zaidi ya miaka 400, na vijiji vyao vimezungushiwa kuta za mawe tabaka kwa tabaka. Mandhari yote iliingia Urithi wa Dunia 2011. Lipia kiingilio na kiongozi kwenye ofisi ya mjini, usimlipe mtu wa njiani. Ndani ya kijiji tafuta uwanja wenye magogo marefu yaliyosimikwa pamoja. Kila rika linapopanda daraja huongeza gogo moja, kwa hiyo umri wa kijiji unausoma kwa kuhesabu miti.

Alhamisi Key Afer. Soko huchangamka kuanzia saa tano, watu wakishamaliza kutembea kutoka vijijini. Ukifika saa mbili utaona wauza chumvi tu. Wahamar, Wabanna na Watsemay hukutana hapo. Wahamar utawajua kwa nywele za wanawake zilizopakwa siagi na udongo mwekundu. Lala Jinka. Ijumaa wengi hukodi gari kwenda kwa Wamursi, na hapo nasema wazi: kijiji kinachopokea magari sita asubuhi moja, watu wakipanga mstari na kuhesabu kila mbofyo wa kamera, hakimfurahishi mgeni wala mwenyeji. Ukienda, kubaliana malipo ya jumla kabla ya picha, kaa muda mrefu, na ziweke kamera chini kwanza. Ukiikosa Ijumaa hiyo hujapoteza kitu. Jumamosi Dimeka, lala Turmi. Jumapili pumzika au shuka Omorate kwa Wadaasanach. Jumatatu soko la Turmi, kisha rudi Konso.

Mtu akikuuzia "sherehe ya kuruka ng'ombe", ambapo kijana wa Kihamar hukimbia juu ya migongo ya ng'ombe ili ahesabiwe mtu mzima, kwa tarehe aliyoiweka miezi miwili kabla, kuwa na shaka. Familia ya kijana ndiyo huamua, na habari husambaa siku chache tu kabla.

Kutoka Konso panda Arba Minch, halafu mlimani kwa Wadorze. Nyumba zao za mianzi na majani zina umbo la kichwa cha tembo. Kuzizunguka utaona kitu utakachodhani ni migomba. Siyo. Ni enset, haizai ndizi ya kuliwa. Chakula kiko kwenye shina na kiazi chake. Mmea hungojwa miaka kadhaa, hukatwa karibu na kuchanua, kisha wanawake hukwangua shina kwa kipande cha mwanzi juu ya ubao ulioinama. Ule ute na unga hufungwa kwenye majani, hufukiwa shimoni na kuachwa uchachuke wiki nyingi. Ukitolewa hukamuliwa, hukatwakatwa kuondoa nyuzi, husukumwa mwembamba na kuokwa: ndiyo kocho. Harufu ya shimo inashtua, lakini mkate wenyewe ukiwa wa moto na asali au pilipili ya dataa unakwenda. Ukiachwa upoe unakuwa kama ngozi ya kiatu, kwa hiyo usijikalishe kwa maneno.

Sidama, Gedeo na kahawa

Kati ya Dilla na Hawassa kahawa hulimwa chini ya miti mikubwa na enset pamoja. Mandhari ya Gedeo iliingia Urithi wa Dunia 2023. Kahawa kwa Kiamhari ni buna, na sisi tuna buni. Ukialikwa nyumbani, tenga saa nzima na zaidi. Majani mabichi hutandazwa sakafuni, ubani huwashwa. Mwenyeji huosha buni mbichi, huzikaanga kwenye kikaango cha chuma, na zinapoanza kutoa mafuta hukuzungushia kikaango ili uvute moshi kwa mkono kuelekea usoni. Fanya hivyo, ndiyo adabu. Kisha hutwanga kwenye kinu, hutia kwenye jebena, chungu cha shingo nyembamba, na kumimina kutoka juu kwa mkondo usiokatika kwenye vikombe visivyo na mkono. Raundi ni tatu: abol, tona na bereka. Bereka ni baraka, na ni nyepesi kwa kuwa maji huongezwa kwenye machicha yaleyale. Kuondoka kabla yake ni sawa na kuinuka wakati wa dua. Vijijini unaweza kutiliwa chumvi au siagi badala ya sukari. Onja kabla ya kuomba sukari.

Hawassa pita asubuhi kwenye soko la samaki la Amora Gedel, boti zikirudi. Korongo wakubwa wenye kichwa kipara wanasimama kando ya wachuuzi wakisubiri utumbo. Sato wa kukaanga huliwa papo hapo.

Addis Ababa, kisha Harar

Addis iko juu ya mita 2,300. Anayetoka Mombasa au Dar atahema kwenye ngazi siku mbili za kwanza na atahitaji sweta usiku, hata Januari. Mvua kubwa ni Juni hadi Septemba. Makumbusho ya Taifa ina nakala ya mifupa ya Lucy, aliyegunduliwa Afar 1974, na wenyeji wanamwita Dinknesh. Kwenye makao makuu ya Umoja wa Afrika imesimama sanamu ya Mwalimu Nyerere tangu Februari 2024, ila eneo hilo ni la ulinzi na huingii kama unavyoingia bustanini.

Kwenda mashariki, treni ya Djibouti inapita Dire Dawa. Kituo kiko Furi-Lebu, pembezoni kabisa mwa jiji, kwa hiyo ondoka hotelini mapema mno kuliko unavyoona busara. Tiketi kata kabla na pasipoti mkononi. Kutoka Dire Dawa hadi Harar ni kama kilomita 50 za kupanda kwa daladala.

Mji wa kale, Jugol, umezungukwa na ukuta na uliingia Urithi wa Dunia 2006. Mswahili wa Lamu au Mji Mkongwe atajikuta nyumbani: vichochoro, misikiti midogo kila kona, na nyumba zinazoficha uzuri wake ndani. Omba kuingia kwenye gidir gar, sebule ya Kiharari. Viti hakuna, kuna majukwaa ya udongo ya ngazi mbalimbali, na kila ngazi ina mwenyewe, mkubwa wa nyumba, wageni, wanawake, vijana. Usikae mpaka uonyeshwe. Ukuta umejaa vikapu vya rangi ambavyo bibi harusi hupelekwa navyo.

Fanya mambo yako yote ya madukani kabla ya saa sita. Mchana Harar hutafuna chat, ile miraa au mirungi, soko lake kubwa likiwa Awaday, na maduka hulala. Mtanzania asisahau kwamba kitu kinachouzwa hadharani hapo kitamfunga nyumbani.

Jioni, giza likishaingia, fisi hulishwa nje ya ukuta. Mlishaji huwaita kwa majina na kuwapa nyama kwenye ncha ya kijiti. Ukijaribu, shika kijiti kwa meno au kwa mkono ulionyooka, usirudi nyuma ghafla, na usiwe na nyama nyingine mfukoni wala mkobani. Bei itaje kabla ya kuchuchumaa.

Kaskazini kwa tahadhari

Tigray ilikuwa vitani 2020 hadi 2022, na Amhara imekuwa na mapigano kati ya jeshi na wanamgambo wa Fano tangu 2023. Barabara inaweza kufungwa ndani ya siku moja, na baadhi ya sehemu za Oromia pia zina utekaji wa wasafiri. Kanuni ni hii: nenda kwa ndege, piga simu hotelini jioni ya kabla na asubuhi ya safari, na usikubali dereva anayesema "twende tu". Shirika la ndege la Ethiopia kwa muda mrefu limewapunguzia nauli za ndani walioingia nchini kwa tiketi yake, kwa hiyo uliza hilo kabla ya kununua. Afar na joto la Danakil, zaidi ya mita 100 chini ya usawa wa bahari, ni Novemba hadi Februari pekee, na lazima kwa msafara ulioandaliwa. Volkano ya Hayli Gubbi ililipuka huko Novemba 2025, basi uliza habari za wiki hiyo. Gambella na jimbo la Somali zina utamaduni wake, ila si za safari ya kwanza.

Lalibela, hali ikiruhusu, ipe siku mbili kamili. Makanisa 11 yamechongwa kwenye mwamba kuanzia juu kushuka chini, na Bete Giyorgis lenye umbo la msalaba huonekana kwanza kama paa lililo sawa na ardhi. Kwa Genna umati hufika kutoka mikoa yote kwa miguu. Ukitaka kuona michoro kwa utulivu, njoo wiki mbili baadaye. Wanawake wajifunike kichwa kwa netela, shela nyeupe ya pamba. Viatu huvuliwa kila mlangoni, kwa hiyo vaa visivyo na kamba, na vaa soksi nene ulizozipulizia dawa usiku wa kabla: mazulia ya humo ni ya zamani, na viroboto wake hawafungi Jumatano wala Ijumaa.